Rolex ya Kariakoo: Kabla hujatoa hela, uliza mashine yake

Ukizunguka Kariakoo, au ukiwa stendi unasubiri gari la Bagamoyo, hukosi kukutana na kijana mwenye boksi la saa. Rolex, Omega, Hublot, zote zinang'aa, na bei yake haifiki hata laki moja. Rolex Submariner mpya ya dukani haipungui shilingi milioni 20, kwa hiyo wengi wanaonunua wanajua kabisa kwamba wanachukua feki. Wanachouliza ni feki ipi iliyo nzuri.

Jibu haliko kwenye jina wala kwenye mng'ao. Liko ndani, kwenye mashine.

Mtazame mshale wa sekunde

Saa za betri huitwa saa za kwatzi kwa sababu ndani yake kuna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi. Kikipata umeme wa betri kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inahesabu mitetemo hiyo, halafu inausogeza mshale hatua moja kila sekunde: tik, tik, tik. Seiko ya Japani ndiyo iliyoingiza sokoni saa ya mkononi ya kwanza ya aina hii, Desemba 25, 1969, na bei yake ilikaribia ya gari dogo. Leo ndiyo mashine rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyojaa kwenye maboksi ya mtaani.

Otomatiki haina betri. Ina springi inayojikaza yenyewe kadiri unavyotembeza mkono, na gurudumu dogo linalocheza huku na huku kupima muda. Mashine nyingi za Rolex za sasa hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani hatua 8 kila sekunde, ndiyo maana mshale unaonekana kama unateleza. Otomatiki nyingi za bei ya chini hupiga 21,600, yaani hatua 6. Ukitulia na kuangalia vizuri, utauona mtetemo wake.

Submariner haijawahi kutengenezwa ya betri. Ukiona mshale wake unaruka hatua moja kila sekunde, mjadala umeisha.

Ila kuteleza peke yake si ushahidi. Zipo mashine za betri, kama VH31 ya Seiko, zinazopiga hatua 4 kwa sekunde, na mtu asiye makini anaweza kuambiwa ni otomatiki akakubali. Zipo pia otomatiki za China zinazopiga 28,800 sawasawa na za Uswisi.

Kingine cha haraka ni vile vijisaa vitatu vidogo vilivyomo ndani ya uso wa saa, kama kwenye Rolex Daytona. Kwenye saa halisi vinatumika kupima muda: unabonyeza kitufe cha juu, mshale unaanza kukimbia, unabonyeza tena, unasimama. Kwenye feki nyingi vijisaa hivyo vimechorwa tu, au vinaonyesha siku na tarehe. Bonyeza mwenyewe kabla hujalipa.

"Hii ina mashine ya Japani"

Hayo ni maneno ya kila muuzaji, na mara nyingine ni kweli. Miyota, kampuni iliyo chini ya Citizen, inawauzia mashine watengenezaji wengi duniani. Seiko nao wanafanya hivyo. NH35 yao imo kwenye saa chungu nzima za majina tofauti. Kwa hiyo saa feki inaweza kuwa na mashine nzuri ya Kijapani, na hiyo ndiyo feki itakayodumu zaidi. Bado siyo Rolex, na hela ya ziada unayotoa ni ya jina ambalo si la kweli.

Maneno ya "imetoka Dubai" hayana uzito kabisa. Dubai ni soko, orijino inapita hapo na feki inapita hapo hapo.

Anayeweza kukata mzizi wa fitina ni fundi saa. Mwombe afungue mfuniko wa nyuma. Mashine ya betri ya hovyo utaikuta ndogo, imeshikiliwa na kipande kikubwa cha plastiki ili ijaze nafasi. Otomatiki nzuri itakuwa na vito vyekundu, yaani rubi za kutengenezwa kiwandani, pale ekseli za magurudumu zinapozungukia, ili chuma kisisuguane na chuma. NH35 ina vito 24. Muuzaji akikataa saa ifunguliwe na fundi unayemwamini wewe, umeshapata jibu.

Saa ya bei rahisi inayoishinda Rolex

Rolex wanaahidi saa zao hazitapotea zaidi ya sekunde 2 kwa siku, iwe mbele au nyuma. Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo karibu kila nyumba imewahi kuwa nayo, hupotea sekunde 30 kwa mwezi kwa makadirio ya kiwanda. Hiyo ni kama sekunde 1 kwa siku. Betri yake moja hukaa miaka 7 hivi. Kama unachotaka ni muda sahihi, Casio halisi inaipita otomatiki yoyote feki, tena kwa mbali.

Nayo ina feki zake. Shikilia kitufe cha kulia kwa sekunde 3 hivi: kwenye F-91W halisi kioo kinaandika "CASIo". Kikigoma, irudishe. Kikiandika, usiache kukagua mengine, maana feki nazo zinaboreshwa.

Anayetaka otomatiki ya heshima kwa bei ya kueleweka ana Seiko 5, jina lililo sokoni tangu 1963. Usitegemee maajabu ya usahihi lakini. Mashine ya 7S26 iliyomo kwenye nyingi ya hizo iliruhusiwa na kiwanda chenyewe kuwahi hadi sekunde 45 au kuchelewa hadi 35 kwa siku.

Chumvi haina huruma

Kwa watu wa Pwani, kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo na Saadani, adui mkubwa wa saa ni maji ya chumvi na jasho. Saa halisi za daraja la juu zina bodi ya chuma cha pua na mpira wa kuzuia maji uliopimwa. Feki nyingi ni madini ya bei ndogo yaliyopakwa rangi ya dhahabu au fedha. Rangi inabanduka, mkono unabaki na alama ya kijani, na wengine wanawashwa na kutoka vipele.

Halafu kuna maandishi ya "30M". Hata kwenye saa halisi hayamaanishi unaweza kuzama nayo mita 30. Ni kipimo cha maabara, na matumizi yake ni mvua na kunawa mikono. Kuogelea kunaanza na 50M au 100M. Kwenye feki, hata ikiandikwa 300M, hakuna aliyepima. Mvuvi anayeingia nayo ngalawani ataona ukungu ndani ya kioo, na baada ya hapo ni kutu.

Kwa anayetaka kuuza

Kununua ya kuvaa ni jambo moja, kuifanya biashara ni jingine. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kuingiza na kuuza bidhaa zenye alama bandia. Tume hukagua bandarini na madukani, na mzigo ukithibitika ni bandia huteketezwa. Mama aliyechukua mkopo wa vikoba akanunua boksi zima la "Rolex" hapati fidia yoyote. Mtaji umekwenda na deni limebaki.

Ukiambiwa saa ni orijino, dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina la saa na namba ya modeli. Kisha linganisha namba hiyo na iliyochongwa nyuma ya saa kabla hujaondoka dukani.