Kothari: Watunza Hekalu wa Swaminarayan, kutoka Gujarat hadi Jinja na Mbale

Kothari ni msimamizi wa hekalu la madhehebu ya Swaminarayan, tawi mojawapo la dini ya Kihindu lenye asili yake Gujarat, magharibi mwa India. Ndiye anayeshika funguo za ghala, anayepokea sadaka na kuziandika, anayejua mchele umebaki kiasi gani, mafundi watalipwa lini na wageni wangapi watalala usiku huo. Katika nyumba kubwa za watawa kule Gujarat kazi hii hupewa mtawa. Mashariki mwa Uganda, ambako watawa walifika kwa ziara kisha wakaondoka, ilifanywa na makarani, wenye maduka na waajiriwa wa reli, tena baada ya saa za kazi. Historia ya Wahindi wa Jinja na Mbale imezoea kuwataja wenye viwanda vya sukari na pamba. Waliotunza mahekalu hawatajwi sana, ingawa bila wao jumuiya hizo zisingekuwa na pa kukutania.

Mwanzilishi wa madhehebu, Sahajanand Swami, anayeitwa Swaminarayan na wafuasi wake, alizaliwa mwaka 1781 kaskazini mwa India, akahamia Gujarat na kufariki huko mwaka 1830. Mwaka 1826 aliandika Shikshapatri, kitabu kidogo cha maadili chenye beti 212. Pamoja na sala na usafi wa mwili, kitabu hicho kinagusa mambo ambayo mtu angetarajia kuyakuta katika ofisi ya mhasibu. Muumini anaagizwa asitumie kuliko anavyopata, aandike mapato na matumizi yake kila siku, na asifanye makubaliano ya mali kwa mdomo tu, hata na mwanawe au rafiki yake, bila maandishi na mashahidi. Tena atoe sehemu moja ya kumi ya mapato yake kwa ajili ya dini, na asiye na uwezo atoe moja ya ishirini.

Watawa nao waliwekewa nadhiri tano: useja, kutomiliki mali, kutofuata ladha ya chakula, kutofungwa na ukoo, na unyenyekevu. Nadhiri ya pili huchukuliwa kwa uzito mkubwa kiasi kwamba mtawa hagusi fedha kabisa. Akisafiri, nauli hulipwa na muumini anayefuatana naye. Kwa hiyo hata hekalu lililojaa watawa haliwezi kuendeshwa bila watu wa kawaida wa kupokea fedha, kuzihesabu na kuzilipa. Desturi hii ya Gujarat ndiyo iliyowafaa sana waliohamia Afrika, maana tangu mwanzo muumini wa kawaida alikuwa na kazi yake ndani ya hekalu, na kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ibada.

Kielelezo cha zamani cha mtawa msimamizi ni Gunatitanand Swami, aliyeongoza hekalu la Junagadh kwa takriban miaka 40 hadi alipofariki mwaka 1867. Mwaka 1907 mtawa mwingine, Shastriji Maharaj, aliyekuwa amejitenga na makao ya Vadtal kwa tofauti za mafundisho, alifungua hekalu katika kijiji cha Bochasan. Hapo ndipo lilipoanzia tawi linalojulikana kwa kifupi kama BAPS, na ndilo lililokuja kuwa na mahekalu Jinja na Tororo.

Mtu aliyeufanya usimamizi kuwa mwenendo wa maisha yake yote katika tawi hilo ni Pramukh Swami Maharaj. Alizaliwa tarehe 7 Desemba 1921 katika kijiji cha Chansad. Aliondoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 17, na mwezi Januari 1940 akapokewa kuwa mtawa mjini Gondal kwa jina la Narayanswarupdas. Mwaka 1946 aliteuliwa kothari wa hekalu la Sarangpur. Tarehe 21 Mei 1950, mjini Ahmedabad, Shastriji Maharaj alimteua kuwa rais wa taasisi nzima. Alikuwa na miaka 28, na mbele yake walikuwepo watawa wengi waliomzidi umri. Wafuasi wake husimulia kwamba jioni ya siku hiyohiyo alionekana akiosha vyombo vya karamu ya kuteuliwa kwake.

Mwaka uliofuata Shastriji Maharaj alifariki, na uongozi wa kiroho ukamwangukia Yogiji Maharaj, mtawa aliyemzidi Pramukh Swami umri kwa miaka 29. Kwa miaka 20 wawili hao walifanya kazi kwa mgawanyo uliodumu bila mvutano. Mmoja alikuwa mwalimu wa roho, mwingine alishughulikia viwanja, ujenzi, nyaraka na malalamiko. Hata baada ya kurithi cheo cha ualimu mwaka 1971, Pramukh Swami hakuiacha kazi ya dawati. Kwa hesabu ya taasisi yenyewe, hadi alipofariki Sarangpur tarehe 13 Agosti 2016 alikuwa ameandika au kujibu barua zaidi ya 700,000, na kusimamia ujenzi wa mahekalu zaidi ya 1,100.

Wagujarati waliofika mashariki mwa Uganda walifuata njia ya reli na pamba. Wafanyakazi walioletwa kujenga Reli ya Uganda, wapatao 32,000, wengi walitoka Punjab. Watu wa Gujarat walikuja zaidi kama wafanyabiashara, makarani na wakuu wa stesheni. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1912 ikajengwa reli fupi kutoka Jinja hadi Namasagali ili kusafirisha pamba ya Busoga. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia kuu ilikwisha kuingia Uganda kupitia Tororo, na tawi lake likapanda Mbale hadi Soroti; mwaka 1931 daraja la reli likavuka Mto Nile pale Jinja. Kila stesheni ilihitaji karani, na kila mtambo wa kuchambua pamba ulihitaji mtu wa mizani na mtu wa daftari. Mbale, mji ulioanzishwa na Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne, ukawa soko la pamba ya tambarare na kahawa ya Mlima Elgon. Jinja ukawa mji wa viwanda, hasa baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, na kilomita chache mashariki yake palikuwa na mashamba ya miwa ya Kakira, mali ya Muljibhai Madhvani.

Kundi la waumini wa BAPS katika Afrika Mashariki lilianza kukua katika miaka ya 1920. Miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo walikuwa Harmanbhai Patel na Maganbhai Patel. Hawakuwa na hekalu wala mtawa. Walikutana katika nyumba zao, wakasoma maandiko, wakaimba, wakagawana chakula kilichotolewa sadaka. Uhusiano wao na Gujarat ulikuwa wa barua. Nirgundas Swami, mtawa aliyekuwa karibu na Shastriji Maharaj, aliwaandikia barua ndefu zenye mafundisho na habari za ujenzi wa mahekalu. Barua iliyosomwa mbele ya kikao ilikuwa na uzito wa hotuba. Watu hao waliozoea kuandika taarifa za treni na stakabadhi za mizigo waliendesha dini yao kwa nidhamu ileile: kikao kwa wakati, majina yaliyoandikwa, michango iliyotolewa risiti.

Mwaka 1955 Yogiji Maharaj alikuja mwenyewe na kufungua hekalu la Mombasa, la kwanza la tawi hilo katika Afrika Mashariki. Alirudi mwaka 1960 kwa ajili ya mahekalu matatu ya Uganda: Kampala, Jinja na Tororo. Mawili kati ya hayo yalikuwa mashariki mwa nchi. Tororo iko kilomita 45 hivi kusini mwa Mbale, na treni ya Soroti ilipita miji yote miwili.

Hekalu likishafunguliwa na sanamu kuwekwa kwa ibada kamili, huduma haisimami tena hata siku moja. Sanamu huamshwa kabla ya jua kuchomoza, huvishwa, huandaliwa chakula, hupumzishwa mchana na kulazwa usiku. Katikati ya hayo huja arati, ambapo taa za utambi wa pamba uliolowekwa samli huzungushwa mbele ya sanamu huku kengele zikilia. Kwenye hekalu lenye watawa ishirini, zamu ya namna hii hupangika bila taabu. Kwa familia chache za mji wa Jinja ilimaanisha kwamba kila alfajiri lazima awepo mtu aliyeoga, mwenye ufunguo, kabla duka lake halijafunguliwa. Msimamizi ndiye aliyepanga zamu hizo na kuziba pengo la aliyeumwa au aliyesafiri kwenda Mbale kununua mali.

Ghala nalo lilikuwa na masharti yake. Chakula cha sadaka hakipikwi kwa kitunguu wala kitunguu saumu, na nyama, samaki na mayai haviingii kabisa. Unga wa ngano, mchele, dengu, samli na sukari vilipaswa kuwa safi na kuhifadhiwa mbali na vyakula vingine. Siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi, ekadashi, waumini hufunga kula nafaka, na ilibidi mtu mmoja aifuate kalenda ya mwezi na kuwajulisha wengine. Ukumbini, wanaume na wanawake huketi mbalimbali. Kwa kuwa watawa hawaongei na wanawake, wanawake waliendesha vikao vyao wenyewe kwa uongozi wao wenyewe, na sehemu kubwa ya upishi wa sikukuu ilikuwa mikononi mwao. Kumbukumbu zilizoandikwa zimewasahau zaidi hata kuliko wanaume waliobaki bila majina.

Siku ya Diwali ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi hesabu na ibada zilivyoshikana. Wafanyabiashara wa Kigujarati hufunga vitabu vya mwaka siku hiyo, kisha huleta madaftari mapya, yenye jalada jekundu, mbele ya mungu. Ukurasa wa kwanza huandikwa maneno ya baraka, hupakwa alama ya unga mwekundu, na juu yake huwekwa ua, jani la tambuu au sarafu. Daftari la hekalu nalo lilikuwa katika safu hiyo, kando ya madaftari ya maduka. Siku inayofuata hufanyika annakut, ambapo vyakula vya aina nyingi hupangwa kwa ngazi mbele ya sanamu, na msimamizi huhesabu sahani badala ya shilingi.

Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa katika kambi ya jeshi mjini Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza wataondoka nchini. Walipewa siku 90, muda uliokwisha tarehe 8 Novemba. Familia ziliruhusiwa kutoka na fedha chache mno, na mali iliyobaki ikawekwa chini ya bodi ya serikali ya kutunza mali za Waasia walioondoka. Takriban watu 28,000 walipokewa Uingereza, wengine wakaenda Kanada, India na kwingineko. Katika muda wa miezi mitatu miji ya Jinja, Tororo na Mbale ilipoteza karibu wote waliokuwa wakishika zamu za alfajiri. Pramukh Swami alipozuru Afrika Mashariki mwaka 1974, jumuiya ya Uganda ilikuwa imetawanyika.

Walichobeba ni uzoefu wao. Uingereza lilikuwepo tayari hekalu dogo la Islington, London, lililokuwa kanisa na kufunguliwa na Yogiji Maharaj mwaka 1970. Wakimbizi wa Uganda waliongeza idadi ya waumini, na miongoni mwao walikuwemo watu waliokwisha kuendesha hekalu bila mtawa. Mwaka 1995 Pramukh Swami alifungua hekalu la Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, lililojengwa kwa mawe na marumaru yaliyopelekwa India, yakachongwa vipande 26,300 na kusafirishwa tena kwa namba hadi Uingereza. Waumini wenye mizizi Kenya na Uganda walikuwa sehemu kubwa ya waliochanga fedha na nguvu zao. Kazi ya kupokea vipande hivyo, kuvioanisha na orodha na kulisha wajenzi wa kujitolea kila siku ilikuwa ni kazi ya kothari iliyopanuka.

Nchini Uganda, sheria ya mwaka 1982 ya mali zilizotaifishwa ilifungua njia ya kudai majengo, lakini urejeshaji mkubwa ulifanyika katika miaka ya mwanzo ya 1990 chini ya serikali ya Yoweri Museveni. Aliyedai alitakiwa kuonyesha hati, na hapo utunzaji wa karatasi uliofanywa miaka mingi nyuma ukawa na faida. Waliorudi walikuwa wachache kuliko waliofukuzwa. Sehemu kubwa ya Wagujarati wanaoonekana leo Jinja na Mbale ni wahamiaji wapya kutoka India, waajiriwa wa viwanda na maduka, ambao wazazi wao hawakuwahi kuishi Uganda, na zamu za arati hupangwa kufuatana na saa za kazi zao.