Siku ya 426

Wiki iliyopita msee mmoja aliniandikia inboksi. Ana miaka 22, anataka kutembea peke yake kutoka Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, achangie watoto wenye saratani. Alichotaka kwangu ni kumpostia tu. Nikamwambia, buda, ngoja kwanza nikupe stori ya vijana wawili. Wacha niwape na nyinyi.

Wa kwanza pengine mmemsikia. Terry Fox, wa Kanada. Machi 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya saratani ya mfupa. Usiku wa kuamkia upasuaji, kocha wake wa basketboli wa zamani akamletea jarida lenye habari ya mtu mwenye mguu mmoja aliyekimbia marathoni ya New York. Terry hakuisahau. Akafanyiwa matibabu kwa miezi mingi, akiona watu wa rika lake wakifa wodini, akatoka huko na hasira. Si huzuni, hasira. Pesa za utafiti wa saratani zilikuwa kidogo na hakuna aliyeonekana kujali.

Tarehe 12 Aprili 1980, katika mji wa St. John's, alichovya mguu wa bandia kwenye Bahari ya Atlantiki, akageuka, akaanza kuvuka Kanada. Mpango ulikuwa kilomita 42 kwa siku. Hiyo ni marathoni nzima, kila siku, kwa mguu wa bandia wa enzi hizo ambao haukutengenezewa kukimbia. Ilibidi aruke mara mbili kwa mguu mzima ndio ule mwingine ufike mbele.

Mnajua nani alimsindikiza? Karibu hakuna mtu. Siku za kwanza zilikuwa upepo, mvua na theluji. Rafiki yake Doug Alward alikuwa anaendesha gari la mizigo na chakula. Na wawili hao walikosana vibaya, mpaka kufika Nova Scotia hawakuwa wanaongea, ikabidi wazazi wa Terry wasafiri kuja kuwapatanisha. Baadaye ndugu yake mdogo, Darrell, akajiunga nao. Kwa hivyo ukisikia "peke yake," uliza nani alikuwa anaosha soksi.

Kitu kilichombeba mwanzoni ni mji mdogo, Port aux Basques. Ulikuwa na watu kama 10,000, na walimchangia zaidi ya dola 10,000. Kufika Quebec ikarudi kuwa kimya. Wengi huko huongea Kifaransa na habari zake hazikuwa zimewafikia, wengine walimpigia honi tu atoke barabarani. Halafu Ontario, bam! Umati, polisi wa kumsindikiza, kamera kila kona.

Tarehe 1 Septemba, karibu na Thunder Bay, kifua kikakataa. Saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alikuwa amekimbia siku 143, kilomita 5,373. Mchango ulifika dola milioni 24, yaani dola moja kwa kila Mkanada, vile alikuwa ameomba. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, mwezi mmoja kabla atimize miaka 23. Mbio za jina lake zinafanyika kila mwaka hadi leo.

Sasa wa pili. Steve Fonyo.

Kimya, si ndio? Hata mimi nilikuwa simjui. Yeye pia ni Mkanada, na mguu wake wa kushoto ulikatwa kwa saratani akiwa na miaka 12. Machi 1984, akiwa na miaka 18, alianza palepale St. John's, njia ileile. Watu wengine hawakufurahia, waliona ni kama anamuiga marehemu. Alipita Thunder Bay, pale Terry alisimamia, akaendelea. Akavuka milima wakati wa baridi. Tarehe 29 Mei 1985 alifika Victoria, kwenye maji ya Pasifiki. Siku 425, kilomita 7,924, zaidi ya dola milioni 13. Alimaliza, wasee. Alimaliza! Akapewa nishani ya Order of Canada akiwa bado hajafika miaka 20.

Kisha ikawa siku ya 426. Hakuna barabara ya kukimbia tena, hakuna umati, na kijana ana miaka 19. Zikafuata kokeini, kuendesha gari akiwa mlevi, ulaghai, kushambulia watu, mahakama tena na tena. Serikali ilimnyang'anya ile nishani, habari zikatoka Januari 2010. Alifariki 2022 akiwa na miaka 56.

Simtetei kwa makosa yake, kuna watu aliwaumiza. Lakini angalia vile sisi watazamaji hufanya kazi. Terry alibaki na miaka 22 milele, hakupata nafasi ya kutuangusha. Steve alirudi nyumbani akiwa mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida hana soko. Natengeneza kontenti, najua hiyo hesabu vizuri kuliko ningependa.

Hapa kwetu 2012 Zachary Kimotho aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 4,000, kutafuta shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha matibabu ya walioumia uti wa mgongo. Wakenya waliambiwa wachange ili Zack arudishwe nyumbani. Nafikiria sana hilo neno, kurudi. Liliwekwa ndani ya kampeni tangu siku ya kwanza.

Kwa hivyo sikumuuliza yule msee wa inboksi kuhusu viatu, wala malori ya Mtito Andei, wala ndovu wa Tsavo. Hayo atayapanga. Nilimuuliza ukishafika Mombasa, ukishapiga picha na bahari, nani atakuwa na wewe asubuhi inayofuata? Na nauli ya kurudi uko nayo?

Ameona meseji. Bado hajajibu.