Kelele chini ya gari: Jinsi ya kutambua chanzo kabla ya kununua vipuri

DEREVA anayetoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Kangemi, Kawangware au Uthiru huvuka matuta na mashimo kadha wa kadha kabla ya kufika nyumbani. Si ajabu basi gari lililonunuliwa likiwa kimya likaanza kugonga chini baada ya miezi michache. Aghalabu mwenyewe huelekea Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan kwa jina lake la enzi za ukoloni, akanunua shokomzoba mpya. Maelfu ya shilingi hutumika na kelele hubaki pale pale.

Shokomzoba, au shoki kama mafundi wasemavyo, si mshukiwa wa kwanza. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya gurudumu kupita shimo. Ikifa, gari huyumba mithili ya mashua na tairi huliwa kwa mabaka, lakini mara nyingi haitoi mlio wowote. Ile inayovuja mafuta ubavuni imekwisha, na hubadilishwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Kabla ya lolote, buti sharti liondolewe kila kitu, ikiwemo jeki na tairi la akiba. Wapo waliolipia matengenezo ilhali kilichokuwa kikigonga ni spana.

Mlio mwepesi wa ko-ko-ko, usikikao gari likipita polepole juu ya lami iliyobanduka, kwa kawaida hutoka kwenye linki za stabilaiza, vyuma vyembamba vinavyoshika ule upau unaolizuia gari kulalia upande mmoja kwenye kona. Ni kipuri cha bei nafuu. Fundi mwangalifu huzifungua linki zote mbili, akaufunga upau usiguse chochote, kisha akaliendesha gari taratibu mita chache. Kelele ikitoweka, mkosaji amepatikana.

Kishindo kimoja kizito dereva akanyagapo breki au aondokapo huashiria bushi za mkono wa chini unaolishika gurudumu. Usukani ukilia kwii gari likiwa limesimama, hushukiwa beringi ya juu ya shokomzoba au bol jointi iliyokauka grisi. Ngurumo inayopanda pamoja na kasi ni ya beringi ya gurudumu, na tak-tak-tak ya kwenye kona kali ni ya jointi ya ekseli; hizo ni kesi nyingine.

Bol jointi ndiyo isiyostahimili kuahirishwa. Ikichomoka, gurudumu hulala upande na gari likaanguka chini likiwa mwendoni, na usukani hausaidii tena. Ili kuipima, gari huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi madhubuti, wala si mawe, gurudumu likining'inia. Fundi hulishika tairi juu na chini akalitikisa. Likicheza, mtu wa pili hukanyaga breki: mchezo ukikoma, kosa ni la beringi, ukiendelea, bol jointi itazamwe. Tairi likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, hukaguliwa ncha za vyuma vya usukani.

Kuna kelele nyingine ambayo wenye magari hujinunulia wenyewe. Wengi huweka spesa juu ya springi ili gari lisiguse matuta. Shokomzoba hubaki imevutika karibu na mwisho wake, na kila gurudumu linapoteremka shimoni hugonga kikomo. Bol jointi na jointi za ekseli nazo hufanya kazi kwa pembe ambazo hazikukusudiwa, zikachakaa upesi. Spesa ndefu kupita kiasi ni hasara, hata kama fundi anaisifu.

Kosa la kawaida zaidi katika gereji za kando ya barabara ni la kukaza bushi. Bushi nyingi ni mpira ulioshikamana na chuma, nao hujipinda mkono unapopanda na kushuka. Bolti ikikazwa kabisa gurudumu likiwa hewani, mpira hubaki umepindika pindi gari linaposhushwa, na huchanika mapema, kishindo kikarejea. Bolti hizo hukazwa mwisho, uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu.

Nati ya juu ya shokomzoba za mbele haifunguliwi kamwe kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake, kwa kuwa ikifyatuka inaweza kuua.

Vipuri vilivyotumika kutoka Japani huwa na chuma kizuri, lakini mpira wake umezeeka. Bushi na linki ni heri zinunuliwe mpya. Baada ya mkono wa chini au shokomzoba za mbele kubadilishwa, pembe za magurudumu hupimwa upya kwa mashine, la sivyo tairi mpya huliwa upande mmoja.