Broken Bow na Vioo vya Solomon Butcher

Broken Bow ni mji mdogo ulio katikati ya jimbo la Nebraska, Marekani, na ndio makao makuu ya Kaunti ya Custer. Ulipimwa mwaka 1882. Kabla ya hapo Wilson Hewitt, mhunzi aliyekuwa amechukua ardhi mahali hapo, alitaka ofisi ya posta, lakini kila jina alilopeleka lilirudishwa kwa kuwa lilifanana mno na la ofisi nyingine jimboni. Mwishowe alipeleka jina lililotokana na upinde uliovunjika, uliookotwa kwenye kambi ya zamani ya Wahindi wa Amerika, nalo likakubaliwa. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kuingia katika historia ya mji huu ni silaha ya watu ambao tayari walikuwa wameondolewa. Wapawnee, walioishi na kuwinda kando ya mito ya Loup, walihamishiwa kusini katika miaka ya 1870, kwenye eneo ambalo leo ni Oklahoma. Walakota nao walisukumwa kaskazini na kufungiwa katika maeneo waliyotengewa. Katika picha maarufu za Kaunti ya Custer, zilizopigwa baadaye na Solomon Butcher, watu hawa karibu hawaonekani, na pengo hilo lina uzito sawa na chochote kinachoonekana.

Baada ya wenyeji kuondolewa, nyati wakiwa wamekwisha kuuawa, wafugaji wakubwa waliingiza makundi ya ng'ombe kutoka Texas. Kaunti iliundwa mwaka 1877, na kwa muda mamlaka yalikuwa mikononi mwa matajiri wa mifugo. Wakulima waliowafuata walikuja na Sheria ya Makazi ya mwaka 1862, iliyompa mtu ekari 160 za ardhi ya serikali kwa sharti la kuishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Ng'ombe hawakutambua mipaka ya ekari 160, na ugomvi ulikuwa suala la muda tu. Desemba 1878 wakulima wawili, Luther Mitchell na Ami Ketchum, walinyongwa na miili yao ikachomwa moto, baada ya ndugu wa tajiri wa ng'ombe Print Olive kuuawa kwa risasi alipokwenda kuwakamata. Olive alihukumiwa kifungo mwaka 1879, lakini mwaka uliofuata akawa huru kutokana na rufaa. Hata hivyo ubabe wa wenye mifugo ulivunjika nguvu, na walowezi wakazidi kumiminika.

Mmoja wao alikuwa Solomon Butcher, kijana aliyezaliwa Virginia mwaka 1856 na kukulia Illinois. Alifika Custer mwaka 1880 pamoja na baba yake, wakisafiri kwa magari ya kukokotwa, akachukua ardhi na kujenga nyumba. Kilimo kilimshinda mapema. Akajaribu masomo ya udaktari huko Minneapolis, nayo akayaacha, akaoa, akarudi Nebraska na kufungua studio ya picha katika nchi ambayo wateja wake hawakuwa na fedha. Mwaka 1886 alipata wazo ambalo wengi waliomfahamu waliliona kuwa ni kichaa: kuandika historia ya kaunti nzima kwa picha, akienda nyumba kwa nyumba na gari la farasi lililobeba kamera na vioo, yaani mabamba ya kioo ambayo picha ilinaswa juu yake kabla ya kuchapishwa kwenye karatasi. Walowezi walimpa chakula na malazi, baadhi wakachangia fedha kwa ajili ya kitabu kilichoahidiwa. Kufikia mwaka 1892 alikuwa amepiga picha zaidi ya 1,500.

Kinachoonekana katika nyingi ya picha hizo, nyuma ya familia iliyojipanga, ni nyumba ya ardhi tupu. Nyika ya Custer haikuwa na miti isipokuwa mierezi kidogo katika makorongo na mistari ya miti kando ya mito. Mbao zilitoka mbali, na bei yake iliwashinda wengi. Kilichokuwa tele ni nyasi za kale ambazo mizizi yake ilishikana ardhini kiasi kwamba plau la kawaida lilikwama. Plau maalumu liliinua utepe wa ardhi wenye upana wa inchi 12 hivi na unene wa inchi 4, nao ulikatwa kwa sepetu katika vipande vya urefu wa futi 3. Vipande vilipangwa kama matofali, upande wa nyasi ukielekezwa chini, hadi ukuta ukafikia unene wa futi 2 au 3. Nyumba ya futi 16 kwa 20 ilimaliza karibu nusu ekari ya nyika. Paa lilikuwa la fito, vijiti na tabaka la ardhi hiyo hiyo, jambo lililoifanya ifanane kidogo na tembe ya Dodoma, ila kuta zake hazikuwa na mti hata mmoja ndani yake.

Nyumba ya namna hiyo ilikuwa na baridi ya kupendeza wakati wa kiangazi na ilihifadhi joto katika majira ya theluji. Moto wa nyika uliipita bila kuiteketeza. Mvua ndiyo iliyokuwa adui: paa lilivuja wakati wa mvua na kuendelea kudondosha tope siku kadhaa baada ya jua kutoka. Wanawake walitandaza chini ya dari kitambaa cha pamba kisichopaushwa, jamii ya ile merikani iliyouzwa Zanzibar karne hiyo hiyo, ili kuzuia vumbi, wadudu na mara nyingine nyoka wasiangukie mezani. Kwa kuwa kuni hazikuwepo, jiko la chuma lilichochewa kwa mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya mahindi. Maji yalibebwa kwa mapipa kutoka mtoni hadi kisima kilipochimbwa, na kwenye miinuko kisima kiliweza kwenda chini zaidi ya futi 100. Ndiyo maana pampu ya upepo, inapotokea katika picha, husimama mahali ambapo haiwezi kukosa kuonekana. Ilikuwa mali ya kujivunia.

Vioo vya wakati huo vilihitaji mwanga mwingi, na chumba chenye madirisha mawili madogo yaliyozama ndani ya ukuta mnene hakikuwa na mwanga wa kutosha. Butcher alipiga picha nje. Familia nazo zilijua kwamba picha itatumwa kwa ndugu waliobaki mashariki au ng'ambo, wakaanza kutoa vitu vya ndani na kuvipanga uani: cherehani, kiti cha kubembea, tundu la ndege, picha ya marehemu katika fremu, bunduki, vitabu, mavazi ya Jumapili. Farasi waliletwa mbele wakiwa wamevishwa hatamu. Mtu anayetazama haraka huona ufukara. Anayetulia hugundua kwamba familia iliamua yenyewe kitu gani kiingie katika picha na kisimame wapi, na kwamba picha hizi zinakaribia kuwa orodha ya mali iliyosainiwa na wenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa familia ya David Hilton. Nyumbani kulikuwa na kinanda cha kupigwa kwa kukanyaga, chombo cha thamani kubwa nyikani, na mama wa nyumba alitaka jamaa wakione. Hakutaka waione nyumba ya udongo. Kinanda kikakokotwa hadi uani, familia ikasimama kukizunguka, na kamera ikageuzwa upande ambao nyumba haikuingia. Picha ilipigwa, na kinanda kikarudishwa ndani. Kilichobaki kwenye kioo ni samani ya sebuleni iliyosimama peke yake katikati ya mifugo na ardhi iliyokanyagwa, na kwa namna fulani nyumba iliyofichwa inaonekana zaidi kuliko kama ingepigwa waziwazi.

Familia ya Sylvester Rawding, askari wa zamani wa jeshi la Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, haikuwa na aibu hiyo. Katika picha ya mwaka 1886 iliyopigwa karibu na Sargent, wameketi mezani mbele ya nyumba yao iliyochimbiwa ubavuni mwa kilima, tikiti maji likiwa limekatwa, na baghala wakiwa kando. Kwa vile paa limeungana na kilima, ng'ombe amesimama juu kana kwamba anachunga nyumba. Picha hii imechapishwa mara nyingi, kwa kawaida kwa ajili ya kichekesho cha ng'ombe. Tikiti linastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu ni ushahidi kwamba mwaka huo shamba lilizaa.

Mwaka huo huo Butcher aliwapiga picha dada wanne wa ukoo wa Chrisman, mabinti wa mfugaji, wakiwa wamejipanga mbele ya nyumba ya udongo na farasi wao. Sheria ya Makazi haikumbagua mwanamke, mradi awe na miaka 21 au awe mkuu wa kaya. Aliyeolewa ndiye aliyekosa haki hiyo. Dada hao walichukua ardhi kwa majina yao kadiri kila mmoja alivyotimiza umri. Kwa njia hiyo familia za wafugaji zilipata mamia ya ekari kihalali, jambo ambalo wasifiaji wa ujasiri wa wanawake wa nyikani hulipitia kwa haraka.

Vioo viwili vingine vinaonyesha Wamarekani Weusi, waliokuwa wachache sana Custer. Jerry Shores, aliyekuwa mtumwa, alipigwa picha na familia yake mwaka 1887 karibu na Westerville. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya familia ya Moses Speese. Shores na Speese walikuwa ndugu. Walitofautiana majina kwa sababu kila mmoja alichukua la bwana aliyemmiliki, na hali hiyo inaeleza historia ya utumwa kuliko kurasa nyingi. Mpangilio wa picha zao hautofautiani na wa majirani Wazungu: watu mbele, nyumba nyuma, wanyama pembeni. Baadaye, Sheria ya Kinkaid ya mwaka 1904 iliporuhusu ekari 640 katika vilima vya mchanga vya magharibi mwa jimbo, walowezi Weusi walianzisha makazi ya DeWitty katika Kaunti ya Cherry.

Si kila kioo cha Butcher ni cha kuaminiwa. Hakuwepo mambo makubwa ya mwanzo yalipotokea, na alipoyahitaji kwa kitabu aliyaigiza. Picha ya walowezi waliofunika nyuso wakikata seng'enge ya ranchi ya Brighton, tukio la mwaka 1885, ilitengenezwa miaka mingi baadaye kwa kuwapanga watu. Katika picha ya mfugaji Swain Finch akipambana na nzige wa miaka ya 1870, nzige wamechorwa kwa mkono juu ya kioo. Mahali kioo kilipoharibika, wakati mwingine alilijaza doa kwa mchoro. Yeye hakuona udanganyifu katika hilo. Mtafiti wa leo hulazimika kutenganisha picha za familia, ambazo ni ushahidi wa moja kwa moja, na picha za matukio, ambazo ni kumbukumbu iliyovalishwa mavazi.

Reli ilifika Broken Bow mwaka 1886, na kasi ya mabadiliko inaonekana katika vioo vyenyewe. Mbao, vioo vya madirisha na majiko vilianza kushushwa kituoni, na mitaa ya mji ikapata maduka yenye vibaraza vya mbao na mabango makubwa yaliyoficha mapaa madogo nyuma yake. Mashambani, nyumba ya udongo iligeuka kuwa zizi au ghala mara mwenyewe alipoweza kujenga ya mbao ubavuni mwake. Halafu ukame wa mwaka 1890 na ule mkali zaidi wa 1894, ukifuatana na mdororo wa uchumi ulioanza 1893, uliwaondoa wengi. Madeni ya wakulima na nauli za reli vilizaa siasa za upinzani: mwaka 1890 Omer Kem, mkulima wa jirani na Broken Bow, alichaguliwa kwenda bungeni Washington akiwa anaishi katika nyumba ya udongo.

Ukame huo ulimkausha Butcher pia, na kitabu kikakaa. Machi 1899 nyumba yake iliungua na maandishi yote ya wasifu na masimulizi aliyoyakusanya yakawa majivu. Vioo vilinusurika kwa sababu vilikuwa vimehifadhiwa katika ghala la nafaka. Akaanza upya kukusanya masimulizi, na kwa fedha za Finch, yule yule wa nzige, kitabu cha historia ya waanzilishi wa Kaunti ya Custer kikatoka mwaka 1901. Mafanikio hayo hayakumtajirisha. Alihamia Kearney, akaendelea na picha pamoja na mwanawe, na mwaka 1911 akaiuzia Jumuiya ya Historia ya Jimbo la Nebraska mkusanyo wake wa vioo zaidi ya 3,000. Alilipwa dola 600, pungufu ya kiasi alichotarajia. Alifariki Greeley, Colorado, mwaka 1927, akijihesabu kuwa mtu aliyeshindwa.

Thamani ya vioo hivyo iliongezeka vilipopigwa skani kwa ukubwa wa hali ya juu. Milango na madirisha yaliyokuwa mabaka meusi kwenye picha za karatasi yalifunguka kwenye kompyuta, kwani kioo kilikuwa kimeshika mwanga hafifu ambao karatasi haikuweza kuuonyesha. Watafiti wakaanza kuona vyombo na samani ndani ya vyumba ambavyo Butcher mwenyewe hakuweza kuvipiga, na watu waliobaki kizingitini bila kutajwa katika maelezo yoyote. Kuhusu nyumba zenyewe, karibu zote zimerudi ardhini. Iliyodumu kwa namna ya pekee ni ile ya ghorofa moja juu, aliyoijenga Mbelgiji Isadore Haumont kaskazini mwa Broken Bow katikati ya miaka ya 1880, kwa kuta za futi 3 kwa unene. Ilisimama hadi mwaka 1967.