Silaha inayochagua yenyewe: nani atajibu mbele ya sheria?

Neno droni tumelizoea. Mwisho wa 2013, MONUSCO ilirusha Goma droni za kwanza za uchunguzi, bila silaha. Leo kuna zile zinazopiga. Lakini droni nyingi ziko na mtu nyuma yake: anaangalia picha, anabonyeza.

Silaha inayojiendesha ni jambo lingine. Mtu anaiwasha tu. Kisha mashine, kwa kufuata kamera na programu yake, inatafuta, inachagua na kupiga. Hakuna anayeamua nani apigwe.

Sheria inasema nini?

Mikataba ya Geneva ya 1949 na Protokoli zake za 1977 haitaji mashine za namna hiyo. Ila kanuni zinabaki: kutenganisha raia na mpiganaji, kuchukua tahadhari, kutopiga kama madhara kwa raia yatazidi faida ya kijeshi. Kifungu cha 36 cha Protokoli ya kwanza kinaomba kila serikali ichunguze silaha mpya kabla ya kuitumia. Sasa mashine itajuaje askari anayetaka kujisalimisha?

Kilwa inatufundisha nini?

Mwezi wa 10 mwaka 2004, huko Kilwa, teritware ya Pweto, watu zaidi ya 70 waliuawa wakati jeshi lilipouchukua tena mji toka kwa waasi. Kesi ilifanyika mbele ya mahakama ya kijeshi, Lubumbashi. Mwaka 2007 hakuna aliyepatikana na hatia ya uhalifu wa kivita kwa mauaji hayo. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema serikali iko na kosa, ilipe fidia.

Hapo bunduki zilishikwa na watu. Mashine ikiua, utamshitaki nani: komanda, aliyeandika programu, ao kiwanda? Programu haifungwi gerezani.

Tumefika wapi?

Mwaka 2023, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliomba mkataba uwe tayari kufikia 2026. Tarehe 2 Desemba 2024, Baraza Kuu lilipiga kura kuendeleza mazungumzo: nchi 166 zilikubali, 3 zilikataa, 15 hazikuchagua upande.

Kwa raia, ushahidi ndio mwanzo wa haki. Silaha ikianguka kwenu, usiguse vipande, juu vinaweza kulipuka. Andika siku, saa na mahali.