Sindano Iliyofutwa Kwenye Mtihani: Miaka Mia ya Ushonaji Katika Shule za Eastlands

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza waliolelewa na Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10 katika shule za Sekondari Pevu. Miongoni mwa masomo waliyowekewa mezani wachague ni Sayansi Kimu, somo linalobeba upishi, malezi, usafi wa nyumba na ushonaji. Wizara ya Elimu imeliweka katika mkondo wa sayansi, bega kwa bega na Kilimo na Kompyuta. Lakini mzazi wa Pumwani, Dandora au Kayole ana swali la kuuliza kabla mwanawe hajatia alama kwenye fomu: shule iliyo karibu ina cherehani ngapi, na mwalimu wa kuzitumia yupo?

Swali hilo lilizua mabishano makali miaka 40 iliyopita, na halijapata jibu mpaka leo.

Kama kuna sehemu ya Kenya ambapo somo la ushonaji halihitaji kutetewa, basi ni Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Soko la Gikomba huuza mitumba, na kandokando ya wauzaji wamejaa mafundi wanaobana suruali, wanaofupisha mikono ya makoti na wanaogeuza gauni la mtu mzima kuwa la mtoto. Eastleigh huuza vitambaa kwa jora. Kariokor husuka viondo. Ukipita barazani mwa maduka ya Jericho au Umoja utamkuta fundi na cherehani yake ya kukanyaga, na mara nyingi fundi huyo ni mwanamume. Sindano imelisha, imevisha na imesomesha watoto wa mitaa hii kwa vizazi kadhaa. Shule ndiyo iliyosita kuikubali.

Mwanzo wa ushonaji shuleni ni wa kikoloni. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilishikilia kwamba elimu ya Mwafrika iegemee kazi za mikono na maisha ya kijijini. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete. Wanaume walifunzwa ualimu, wake zao wakafunzwa utunzaji wa nyumba, kushona kukiwemo. Kwa hiyo tangu siku za kwanza sindano ilipewa jinsia: kitabu kilikuwa cha mume, uzi ukawa wa mke.

Nairobi ya wakati huo haikuwa na nafasi hata ya mke huyo. Nyumba za awali za Waafrika mashariki mwa mji zilijengwa kwa hesabu ya mwanamume mfanyakazi na kitanda chake, familia ikitarajiwa kubaki mashambani. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1940, mtaa wa Kaloleni ulipojengwa kwa jasho la mateka wa kivita Waitaliano, ukiwa na nyumba za familia, bustani na ukumbi wa jamii. Wake na watoto walipokuja, mafunzo ya kushona, kufuma na kupika yalikuja nyuma yao.

Mtu anayetajwa sana katika hatua hii ni Tom Askwith, Mwingereza aliyekuwa amewahi kupiga makasia katika michezo ya Olimpiki ya 1932 na 1936. Mwaka 1945 alipewa jukumu la kusimamia masuala ya Waafrika katika manispaa ya Nairobi, na baadaye akawa mkuu wa maendeleo ya jamii nchini. Vilabu vya wanawake vilivyokua chini ya idara yake vilizaa Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa jina la From Mau Mau to Harambee, Askwith anaiona kazi hiyo kuwa ya kuinua watu kwa juhudi zao wenyewe.

Ukweli wa Eastlands ulikuwa mchungu kuliko hivyo. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba mwaka huohuo wa 1952 ili kukabiliana na Mau Mau, uasi dhidi ya utawala wa kikoloni. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizingira mji katika Operesheni Anvil, na maelfu ya wanaume wa mitaa kama Bahati wakasombwa na kupelekwa vizuizini. Wanawake wengi waliachwa bila mume, bila mshahara na bila uhakika wa paa. Serikali iliyowachukua waume ndiyo iliyosukuma vilabu vya ushonaji, na watafiti wa historia ya Maendeleo ya Wanawake wameonyesha kwamba moja ya shabaha zake ilikuwa kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Askwith mwenyewe aliondolewa kazini mwaka 1957 baada ya kulalamikia ukatili uliokuwa ukitendwa katika kambi za vizuizi.

Hata hivyo, wanawake hawakuzipokea sindano hizo kwa masharti ya mkoloni. Aliyejua kushona sare ya mtoto hakuhitaji kuinunua, na aliyejua kushona za majirani alipata kodi ya nyumba. Mwaka 1957 kanisa la Kianglikana lilianzisha kituo cha jamii cha St. John's, Pumwani, kuhudumia familia zilizovurugwa na miaka hiyo. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo alishika uongozi wa Maendeleo ya Wanawake, na chama kikaanza kuwa cha Waafrika wenyewe.

Uhuru ulipokuja, Tume ya Ominde ya 1964 iliweka msingi wa elimu ya taifa jipya, na hamu ya kila mzazi ikawa kazi ya ofisini. Mtihani wa CPE wa darasa la saba ulipima Kiingereza, Hisabati na karatasi ya maarifa ya jumla. Hapakuwa na alama ya kushona. Watoto walioachwa nje ya mfumo huo walipata msaada kwingine: Undugu Society, iliyoanzishwa mwaka 1973 na padri Mholanzi Arnold Grol, ilifungua shule zake mitaani, ikiwamo Mathare, ambako mtoto alisoma mambo ya msingi kwa miaka mitatu na mwaka wa nne akajifunza ufundi. Lilikuwa jambo la kushukuriwa, ingawa liliacha fikra moja mbaya: kwamba kazi ya mikono ni ya aliyeshindwa na shule.

Fikra hiyo ilipigwa kumbo na tume ambayo haikutumwa kabisa kuzungumzia sindano. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi alimteua Mkanada Colin Mackay kuongoza jopo la kuchunguza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili. Jopo hilo lilipendekeza chuo kikuu, nacho kikawa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984. Lakini lilikwenda mbali zaidi na kupendekeza mfumo mzima ubadilishwe: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, yaani 8-4-4. Elimu, jopo lilisema, imwezeshe kijana kujitegemea hata akikosa ajira ya kuandikwa.

Januari 1985 wanafunzi ambao zamani wangekuwa wamemaliza shule ya msingi walijikuta darasa la nane. Mwaka huo hapakuwa na wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza nchini kote. Mtihani mpya, KCPE, ulipimwa kwa jumla ya alama 700, na ndani yake Sayansi Kimu ilikuwa na mahali pake, ikiunganishwa na Elimu ya Biashara katika karatasi moja. Sanaa, Ufundi na Muziki vilikuwa na karatasi yao.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wazazi walitakiwa kwa harambee kujenga madarasa ya ziada na vyumba vya ufundi. Mashambani kulikuwa na ardhi, mawe na mbao. Shule za baraza la jiji katika Eastlands zilibanwa kati ya nyumba, barabara na reli. Nyingi hazikuwa na pa kuchimba msingi, sembuse fedha za cherehani. Walimu waliosomea ualimu chini ya mfumo wa zamani waliambiwa wafundishe kupiga bandi, kukunja pindo, kutia vifungo na kufuma, wengine wakiwa hawajawahi kushika sindano ya kufumia. Na mwaka 1988, baada ya Tume ya Kamunge kuhusu elimu, sera ya kugawana gharama ilithibitisha kwamba vitabu na vifaa vitatoka mfukoni mwa mzazi.

Mzazi wa kibarua katika Eneo la Viwanda alirudi nyumbani akakuta orodha: kitambaa, uzi wa rangi mbili, sindano, mkasi. Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Watoto ndio waliopata njia. Spoku za baiskeli zilinolewa zikawa sindano za kufumia. Sweta kuukuu zilifumuliwa, uzi ukakunjwa upya. Mabaki ya vitambaa yaliombwa kwa fundi wa mtaa, na mara nyingi fundi huyohuyo ndiye aliyemwonyesha mtoto namna ya kugeuza pindo.

Kulikuwa na ugomvi mwingine, wa chinichini lakini mrefu zaidi: wavulana. Katika shule ya msingi ya 8-4-4, Sayansi Kimu ilikuwa ya wote. Mvulana wa mtaa wa Mbotela aliketi dawati moja na msichana, wote wakitunga uzi kwenye tundu la sindano. Wapo wazazi walioona aibu, kana kwamba mwana wao anafunzwa uke. Aibu hiyo ilikuwa ya kushangaza katika mitaa ambayo suti ya harusi ya baba ilishonwa na fundi mwanamume na sare ya mtoto ikakatwa na fundi mwanamume. Kwa mtazamo wangu, hilo ndilo jambo bora kuliko yote ambalo 8-4-4 ilifanya, na halijapewa sifa inayostahili. Kwa mara ya kwanza tangu 1925 shule ilisema waziwazi kwamba kushona ni maarifa ya kila binadamu anayevaa nguo.

Tume ya elimu ya Davy Koech, iliyotoa ripoti mwaka 1999, ilikuta mtaala umejaa kupita kiasi. Serikali haikukubali mapendekezo yote, ila ilipunguza masomo ya mtihani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 KCPE ikashuka kutoka alama 700 hadi 500. Sayansi Kimu ikatoka. Kisichotahiniwa nchini kwetu hakifundishwi, na saa za ushonaji zikamezwa na mazoezi ya Hisabati. Elimu bila malipo ya 2003 ilileta watoto wengi darasani, baraka kubwa, lakini kila chumba kilichokuwa na nafasi kiligeuzwa darasa.

Wakati sindano ikitolewa shuleni, nchi ilikuwa ikipoteza viwanda vyake vya nguo. Soko lilifunguliwa miaka ya 1990, mitumba ikamwagika, KICOMI ya Kisumu ikafungwa na Rivatex ya Eldoret ikaanguka. Huo ulikuwa wakati wa kufundisha zaidi. Tulifundisha kidogo zaidi.

Somo lilibaki sekondari, kwa wachache. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, karatasi ya pili ya Sayansi Kimu humpa mtahiniwa patani na kitambaa, akate na kushona sehemu ya vazi, mara nyingi upande mmoja tu, kwa saa mbili na nusu. Ni mtihani wa kweli, na mtu habahatishi tundu la kifungo. Lakini hauwezekani bila cherehani, na ndiyo sababu shule nyingi zisizo na uwezo hazilitoi somo hili.

Mtaala wa Umilisi ulirudisha Sayansi Kimu Gredi ya 4, kisha katika upunguzaji wa masomo uliofuata ripoti ya jopo la Profesa Raphael Munavu ya 2023, ikaunganishwa na Kilimo. Mwanafunzi wa Sekondari Msingi sasa hukutana na ufumaji na ushonaji ndani ya Kilimo na Lishe, kati ya mboga na mbolea.

Historia hii inaonyesha kwamba ushonaji haukuwahi kushindwa kwa kukosa manufaa. Ulishindwa kwa kuagizwa bila vifaa, kisha kulaumiwa kwa kukosa vifaa. Gredi ya 10 isipewe maumivu yaleyale ya 1985. Wizara itangaze ni shule zipi za umma za Eastlands zenye chumba cha kushonea, iwanunulie cherehani wanafunzi wa shule zisizo nazo, na iruhusu shule kuajiri mafundi wa mtaani kama wakufunzi wa saa, wakilipwa ipasavyo. Mafundi wapo, hatua chache kutoka lango la shule. Mpaka hayo yafanyike, mtoto wa Kaloleni anayeambiwa achague Sayansi Kimu hajapewa chaguo. Amepewa jina la somo tu.