Macho ya paka: rangi ya asali hutoka wapi?

Mtoto akizaliwa na macho ya rangi ya asali katika nyumba ambayo wote wana macho meusi, maneno huanza hata kabla ya arubaini. "Huyu macho ya paka kayatoa wapi?" Huulizwa kwa mzaha, lakini mzaha huo aubebaye ni mama.

Rangi ya jicho imo katika lile duara linalozunguka mboni. Kinacholitia rangi ni melanini, ile ile inayoipa ngozi weusi wake. Ikiwa nyingi, jicho huwa la hudhurungi iliyokoza, ambalo sisi huliita jeusi. Ikiwa chache sana, jicho huonekana la buluu, ingawa hamna chembe ya buluu ndani yake. Ni mwanga tu unaotawanyika, kama angani. Macho ya asali yako katikati: melanini ni ya kiasi, tena haikuenea sawasawa. Mara nyingi karibu na mboni huwa hudhurungi, na pembeni huelekea kijani au dhahabu. Ndiyo maana mtu yule yule mchana ufuoni utaona macho yake ni ya kijani, na usiku chini ya taa ukayaona ya kahawia. Kilichobadilika ni mwanga.

Sasa suala la nasaba. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba rangi ya macho hurithiwa kwa jini moja. Hesabu hiyo ni fupi mno. Jini mbili jirani katika kromosomu ya 15, OCA2 na HERC2, ndizo zenye nguvu zaidi, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulitaja sehemu 61 za vinasaba zinazohusika. Baba na mama wenye macho meusi waweza kubeba kimya kimya urithi wa mababu, ukaja kujitokeza kwa mtoto wao. Na sisi watu wa pwani tuna mababu wa kila upande: mifupa ya kale ya Manda, Faza na Mtwapa ilipopimwa DNA, matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa Waafrika na watu wa Asia, hasa Waajemi, walianza kuchanganya damu tangu karibu mwaka 1000. Anayemshuku mkewe kwa rangi ya macho ya mtoto, basi hana ushahidi wowote mkononi.

Lakini kuna "jicho la paka" jingine, na hili si la kusifiwa. Ukiona weupe ndani ya mboni yenyewe, pale katikati panapopaswa kuwa peusi, au picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga ikaonyesha jicho moja linang'aa jeupe, mpeleke mtoto hospitali wiki hiyo hiyo. Huenda ikawa retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano. Ikigunduliwa mapema hutibika. Ikicheleweshwa huondoka na jicho, na hata uhai. Usitie dawa za kienyeji, wala usingoje akue.

Kwa wazee, ile pete ya kijivu pembeni mwa jicho ni mafuta yaliyojikusanya kwa umri, si rangi mpya. Ikimtokea mtu ambaye hajafika miaka 40, apimwe kolesteroli.